Mpiga Piano Aliyekataa Kukimbizwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Ilikuwa Nairobi, katika maktaba ya santuri ya kituo cha redio, nami nilikuwa kijana kutoka Taita niliyevaa shati la kuazima, nimejaa hamu ya kurusha muziki hewani. Msimamizi wa Maktaba, mzee mfupi mwenye sauti ya upole na amri zisizo na upole wowote, alinionyesha kiti, akaniambia niweke mikono mapajani na nimtazame akifanya kazi. Jioni aliniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu kwamba kutwa nzima hakugusa uso wa santuri hata moja. Zote alizishika kwa ukingo, au kwa kile kiduara cha karatasi kilicho katikati.

"Basi kesho njoo," akasema. "Wengine wote huniambia majina ya nyimbo."

Ninyi mnaosoma haya, wengi wenu mko kwenye treni ya kutoka Blacktown, hapa Sydney, na muziki wa dunia nzima mfukoni, na wimbo usipowanogea mara moja mnaurusha kando. Siwalaumu, ingawa mnaniudhi. Lakini niwaeleze santuri ni nini. Ni sahani nyeusi yenye mtaro mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Sauti imeandikwa ndani ya mtaro huo kwa mitikisiko midogo sana, na sindano ikipita humo hutikisika vilevile na kuirudisha sauti. Zile za zamani, ninazozungumzia mimi, zilitengenezwa kwa utomvu mgumu uitwao shelaki, na ukiiangusha moja, huokoti kitu cha maana.

Nilipohamia Sydney na mke wangu, hakuna aliyekuwa akinisubiri na santuri. Mke wangu alipata kazi ya kutunza wazee mara moja. Mimi nilikwenda kitongoji cha Minto kufunga maboksi kwenye ghala, pamoja na ndugu zetu Wakongomani ambao walinifundisha kucheka nikiwa nimechoka. Nilifunga maboksi miaka kadhaa. Kisha hifadhi moja ya sauti mjini ikatangaza kazi ya fundi wa kuhamisha sauti, yaani mtu wa kuzitoa sauti kwenye santuri kuukuu na kuziingiza kwenye kompyuta kabla hazijapotea. Nilituma maombi nikiwa sina matumaini makubwa, na mke wangu akanipigia pasi suruali kana kwamba tayari nimeajiriwa.

Aliyenihoji alikuwa Mkuu wa Chumba cha Uhamishaji, mama mrefu wa Kiaustralia mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliweka mezani santuri chafu, chupa ya maji na chupa ya spiriti, akaniambia nioshe. Nikachukua maji. Spiriti huyeyusha shelaki; ukiifuta santuri kwa spiriti unaufuta na muziki. Mama yule akaivaa miwani yake, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akaniuliza nani alinifundisha. Nilimweleza habari za Msimamizi wangu wa Nairobi, akasikiliza mpaka mwisho.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa jina lake. Hapa Australia mkubwa wako anataka umwite Maureen, basi, kama mliyesoma naye darasa moja. Ulimi wangu ulikataa. Nilijaribu wiki nzima, nikashindwa, nikaanza kumwita Chifu. Alicheka, akazoea, na mwishowe chumba kizima kikamwita hivyo.

Chifu ndiye aliyenifanya fundi. Alinifundisha kuchagua sindano, kwa maana mtaro uliochakaa juu huenda bado ni mzima chini, na sindano nene kidogo au nyembamba kidogo inaweza kukutana na sehemu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigusa. Alinifundisha kutafuta mwendo, kwa sababu mafundi wa zamani hawakuzungusha sahani zao kwa mwendo mmoja. Kila kiwanda kilikuwa na wake, na ukikosea, mtu mzima anaimba kama mtoto. Alinifundisha pia kusafisha mikwaruzo kwa kompyuta, na kuacha. Hilo la kuacha lilikuwa gumu zaidi. Nilipenda sana kusafisha, na kila mara alinisimamia nyuma na kusema maneno yaleyale.

"Mwakio, usimwoshe mtu mpaka asijitambue."

Katika chumba hicho ndimo nilimokutana na Madame Leontina Varsek, aliyekwisha kufariki mimi sijazaliwa. Nimewapenda wanamuziki wengi, lakini huyu alinishika.

Alizaliwa Ulaya ya kati, binti wa mpiga tarumbeta wa jeshi, wakati ambapo muziki ule wa mahaba na dhoruba uliotungwa kwa ajili ya piano ulikuwa bado ni habari ya juzi. Mwalimu wake alikuwa amefundishwa na watu waliokula meza moja na watunzi wenyewe. Alipiga mbele ya makabaila akiwa bado miguu haifiki kwenye kanyagio. Alipokuwa mkubwa alisafiri kwa treni na meli, ukumbi baada ya ukumbi, mpaka akafika Sydney, akapiga, akapendwa, akaondoka. Baada ya kufiwa na mumewe alirudi na kukaa hapahapa hadi mwisho wake, akifundisha watoto wa watu kwenye nyumba yenye baraza, nao walimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile.

Watu wa kizazi chake walikuwa na namna zao. Hawakuanza wimbo ghafla. Walitanguliza milio michache waliyoibuni papo hapo, kuonja piano na kuwatuliza wasikilizaji. Na mikono yao haikushuka pamoja. Wa kushoto hutangulia, wa kulia hufuata kwa kuchelewa kidogo, hata wimbo wenyewe unaonekana kama umefikiriwa sasa hivi. Leo mwanafunzi akifanya hivyo anakatwa alama, lakini wakati ule ndiyo iliyokuwa adabu ya piano.

Madame Varsek aliacha santuri chache tu, zilizorekodiwa Ulaya kabla ya kuja vipaza sauti vya umeme. Piano iliinuliwa juu ya jukwaa la mbao na kusogezwa mbele ya baragumu kubwa la bati. Sauti iliingia kwenye baragumu na kuisukuma sindano iliyochora kwenye sahani nene ya nta yenye uvuguvugu, ambayo baadaye santuri zilichapwa kutokana nayo. Upande mmoja wa nta ulibeba dakika nne na ushee. Muziki ukiwa mrefu kuliko hapo, ulikatwa, au mpigaji aliharakishwa. Fundi wa kurekodi alisimama pembeni akipunga mkono kumhimiza.

Kwenye santuri zake zilizouzwa, Madame alikuwa mwepesi mno. Ilikuwepo moja hasa, wimbo wa usiku, mpole, ambao yeye aliupiga kwa kasi ya kushangaza. Wahakiki wa baadaye, ambao hawakumsikia kwa masikio yao, walimwandika kuwa ana vidole vya ajabu na hana moyo, kwamba anapiga kama anayewahi treni. Sifa hiyo ilimganda. Vitabu vilinakiliana, na mimi mwenyewe nilipohamisha santuri ile nilistaajabia vidole nikabaki mkavu.

Ndipo siku moja mke wangu alirudi kutoka kazini kwenye makao ya wazee Penrith, akavua viatu mlangoni na kuniambia:

"Baba Wakesho, kuna resident wangu, Bibi Winnie. Ana-play piano juu ya blanketi. Every day after tea, vidole vinatembea tu. Nikamuuliza nani alikufundisha, akasema jina la yule Madame wako unayetuchosha naye hapa."

Nilimpigia Chifu simu papo hapo. Yeye akaniambia niende, nichukue muda wangu, na nisimwekee mama wa watu mashine ya kurekodi mdomoni siku ya kwanza.

Bi Winnie alikuwa mwalimu wa piano mstaafu, mkonde, mwenye akili kali na mapafu yaliyochoka. Alikuwa mwanafunzi wa mwisho wa Madame. Aliniuliza kama mimi ndiye mume wa Grace anayecheza na sahani kuukuu, nikakiri. Nilipomwambia kwamba nimeusikia ule wimbo wa usiku, uso wake ukakunjamana. Akaniambia kwamba ameishi maisha yake yote akisoma kwamba mwalimu wake alikuwa mkimbiaji, na kila alipopinga aliambiwa asikilize santuri. Na santuri, kweli, ilikimbia.

"Lakini ile ni ya pili kurekodiwa," akasema. "Ya kwanza aliipiga kama alivyokuwa akiipiga. Hawakuitaka. Alikuwa na nakala, akinichezea nilipokuwa msichana. Nataka kuisikia kabla sijaondoka, na nataka wengine waisikie. Sitaki kufa huku wakimwita mkimbiaji."

Familia ya Madame ilikuwa imetukabidhi boksi la santuri zamani. Nilikwenda kutafuta, nikakuta rafu imeachwa wazi. Wakati huo Mkurugenzi wa hifadhi alikuwa ameamuru ghala letu lihamie Minto, kwenye jengo dogo zaidi, na kila santuri iliyovunjika au isiyo kamili iondolewe. Haikuwa amri ya mtu mbaya. Nafasi ilikuwa haba kweli. Chifu alishuka nami hadi kwenye toroli za vitu vya kutupwa, mtu wa makamo yale, akapiga magoti sakafuni akachambua moja moja. Aliipata chini kabisa. Ilikuwa na lebo nyeupe isiyochapwa, ufa ulioanzia ukingoni ukaingia ndani, na kikaratasi cha mwenzetu mmoja wa zamani kilichosema haikukamilika, haifai.

Chifu aliinamisha santuri kwenye taa. Karibu na lebo kulikuwa na nambari iliyochorwa kwenye nta siku ya kurekodi. Ni ileile ya wimbo wa usiku, ila ya kuuzwa iliandikwa jaribio la pili, na hii la kwanza. 

Ufa ule ulimaanisha kwamba tungeweza kuipiga mara moja tu. Sindano ikipita juu ya ufa hung'oa vipande, na mara ya pili hakubaki mtaro wa kuipitisha. Tuliiosha na kuikausha. Chifu alichagua sindano, akabadili mawazo, akachagua nyingine. Kisha alinikabidhi mkono wa mashine. Nikamwambia aishushe sindano yeye. Akasema mikono yangu imetulia kuliko yake leo.

Niliishusha. Kwanza zikaja kelele za shelaki, na ufa ukigonga kila mzunguko. Halafu milio michache ya utangulizi, ya chini, kama mtu anayefungua madirisha nyumbani kwake. Halafu wimbo. Mkono wa kushoto ulitangulia, wa kulia ukafuata taratibu, na ule wimbo niliodhani naujua ukawa mpana, na ndani yake mlikuwa na huzuni isiyoomba kuonewa huruma. Hakukimbia popote. Nilisikia kabisa pale ambapo fundi lazima alikuwa akipunga mkono, kwa sababu hapo ndipo alipozidi kutulia. Kisha, kabla wimbo haujarudi kwenye sauti ulikoanzia, katikati ya sentensi, sauti ikakatika. Nta ilikuwa imekwisha.

Nililia. Nasema wazi, na sioni haya. Chifu alitoka nje, akakaa huko kwa muda.

Tulihakikisha kila kitu. Piano ilikuwa moja na kimo cha milio yake kilikuwa kilekile kwenye santuri zote mbili, kwa hiyo haikuwa kosa la mwendo wa mashine. Mara ya kwanza Madame alipiga kama alivyotaka, nta ikamwishia. Mara ya pili alitii, akaukimbiza wimbo ukatosha, nao wakauza huo.

Mkurugenzi alipousikia alifurahi kweli. Alikuwa akiandaa jioni ya kumkumbuka Madame Varsek ukumbini, akataka santuri hii iwe kilele. Ila mwisho ulimsumbua. Alisema watu wakikatiwa muziki njiani watadhani mashine zetu zimeharibika, na akaniagiza nichukue mwisho wa jaribio la pili, niupunguze mwendo kwa kompyuta na kuuunga. Mimi ni fundi, niliunga. Na niseme ukweli, kiungo kilikuwa safi, hukisikii hata ukiambiwa kilipo. Chifu alikisikiliza, akavua hedifoni, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkurugenzi. Sikusikia waliyosemezana, ila alirudi na shingo nyekundu, akaniambia wamekubaliana jambo moja: Bi Winnie asikilize zote mbili, na neno lake liwe la mwisho.

Nilikwenda Penrith siku ya mapumziko ya mke wangu, naye akafuatana nami. Bi Winnie alikuwa amedhoofu; tulimwinua kwa mito. Nilimwekea kwanza ile niliyoiunga, bila kumwambia kitu. Alifumba macho. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya blanketi, na machozi yakamshuka hadi masikioni, mke wangu akiyafuta. Karibu na mwisho vidole vilisimama. Wimbo ukaendelea bila yeye mpaka ukaisha vizuri.

"Nani amefanya kazi hii?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Una mikono mizuri. Itupe."

Nikamwekea ile nyingine, kama ilivyotoka kwenye santuri. Vidole vilitembea tena. Sauti ilipokatika, havikusimama. Viliendelea juu ya blanketi, kushoto kukitangulia, kulia kukifuata, bila haraka yoyote, na sisi wawili tukavitazama mpaka vilipolala vyenyewe. Nilimweleza basi anachotaka Mkurugenzi na sababu zake, kwa haki, bila kumpunguzia. 

"Aliacha pale kwa sababu hakutaka kukimbia," akasema. "Ukimmalizia kwa vidole vile vya pili, hata ukivipunguza mwendo, utakuwa umemkimbiza. Walishamkimbiza mara moja. Inatosha."

Nilimpelekea Mkurugenzi maneno hayo kama yalivyo. Alitazama dirishani, akasema haya, tuache. Kwa hilo nimemheshimu mpaka leo, maana mkubwa anayebadili amri yake si mtu wa kila siku. Santuri yenyewe ilitolewa kwenye toroli, ikapata kabati lake. Na kile kiungo changu kizuri nilikifuta mwenyewe.

Bi Winnie alifariki kabla ya ile jioni. Mke wangu ndiye aliyekuwa naye, akanipigia simu kazini, akaniambia kwa Kitaita ili asilie mbele ya wenzake.

Nilistaafu wiki ileile ya jioni ya Madame. Sasa ninakaa hapa Blacktown, ninapalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba, na masikio yangu yamechoka upande mmoja. Vijana wa kanisani huniuliza kama kazi yangu haikunichosha, kusikiliza mikwaruzo ya watu waliokufa. Nawaambia kwamba nilipata bahati ambayo wafalme hawakuipata: nilikaa chumba kimoja na watu waliojitahidi mbele ya baragumu la bati, bila kujua kama kuna mtu atakayewahi kuwasikia, na wengine wao walijitahidi kwa heshima kubwa kuliko walivyolipwa. Kompyuta za leo zinaweza kummalizia mtu yeyote chochote. Mnaoingia kazi hii mtashawishika kila siku, na mara nyingi mtaombwa na watu wazuri. Mimi nilikuwa na Chifu nyuma ya kiti changu. Ninyi itabidi mjisimamie.

Jioni ile ukumbi ulijaa. Nilikaa na mke wangu safu ya nyuma, Chifu upande wangu wa pili akiwa amevaa gauni nisilowahi kuliona. Mkurugenzi alipanda jukwaani kwenye piano iliyofungwa, akawaeleza watu juu ya nta, na juu ya mwanamke aliyepungiwa mkono akakataa. Akasema santuri itakatika, haijaharibika, na akawaomba watu wakae kimya baada ya hapo kwa muda ambao Madame angeuhitaji kumaliza.

Muziki ukapigwa. Ukakatika.

Hakuna aliyekohoa. Ukimya ule ulikuwa mrefu, na watu mamia walikaa ndani yake wameinamisha vichwa. Mke wangu alinisogelea.

"Baba Wakesho," akaninong'oneza, "tushangilie sasa?"

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Bado anapiga."